Droo ya Tatu

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Januari, Tokunaga Sawae alivua viatu mlangoni pa ghala la ukoo wa Nagafuchi akiwa na haraka ya kumaliza kazi akale. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: makabati mawili ya kale na sahani tano za kauri. Alitakiwa avikague, aandike kwenye fomu kila ufa na kila mkwaruzo, na asubuhi lori la makumbusho lije livichukue. Mwanamke huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, mpaka watu wakamwita mwalimu, hapo hapo Arita, mji wa Japani ambao hata matofali ya kuta zake yametoka kwenye tanuri za vyombo. Mizimu hakuiamini. Alizoea kusema kwamba mzimu ni panya aliyepewa jina la heshima.

Mwenye nyumba alikuwa Michiyo, mjane wa miaka hamsini na saba, amekonda mpaka kola ya sweta ilimpwaya. Vyombo vyote vilikuwa vya marehemu mama mkwe wake, aliyefariki mwaka juzi. Alisimama nyuma ya Sawae, tochi ameikumbatia.

"Mwalimu, utamaliza kabla giza halijakolea?"

"Giza limekukosea nini?"

"Naomba tu, mwalimu."

Sawae alivua pete yake ya urembo, isije ikakwaruza kauri, akaiweka mfukoni. Halafu akanusa. Ghala lilipaswa kunuka kafuri na vumbi. Lilinuka wali. Wali mweupe, wa moto, uliofunuliwa kifuniko sasa hivi.

"Umebandika wali jikoni?"

"Sijapika kitu."

"Pua yangu haijazeeka, Bi Michiyo."

Michiyo alikuwa anaangalia kabati kubwa.

Basi, Sawae akaanza na sahani. Alizibeba moja moja kwa mikono miwili, akaziinua kwenye mwanga wa taa, akapapasa ukingo kwa kidole gumba, kisha akazigonga kwa ukucha na kutega sikio. Sahani nzima huimba. Yenye ufa hukohoa, hata kama jicho halioni kitu. Ya kwanza iliimba vizuri, na ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na doa la majivu mgongoni, doa la tanuri, la tangu kuzaliwa kwake. Akaandika. Akagonga ya nne.

Kiiiin...

Na kutoka ndani ya kabati kubwa, kitu kikaitikia.

Koh.

Sauti kavu. Sauti ya chombo chenye ufa.

"Panya," alisema Sawae.

Akagonga ya tano. Kiiiin... Akasubiri, na moja kwa moja akajichukia kwa kusubiri.

Koh.

"Panya mwenye adabu," alisema, lakini safari hii hakucheka.

Alilisogelea kabati. Lilikuwa la mbao nyepesi za mti wa kiri, lenye vyuma vyeusi kwenye pembe na droo nne zilizopangana. Alivuta ya juu kabisa, akakagua viungo, akairudisha. Ilipokuwa inaingia, droo ya tatu ikatoka yenyewe taratibu, kiasi cha shubiri. Michiyo akaangusha tochi.

"Okota tochi yako," Sawae alisema, na moyo wake ukatulia kwa sababu hili alilijua. "Aliyetengeneza kabati hili alikuwa fundi. Droo zimebana. Ukisukuma moja, hewa inakosa pa kutokea, inaisukuma nyingine. Hii ni sifa. Naiandika."

Akaisukuma ya tatu ikaingia. Kisha, kama kazi inavyotaka, wakalivuta kabati kutoka ukutani ili aone mgongo wake.

Ubao wa nyuma ulikuwa umepasuka toka juu mpaka chini. Ufa wa kupitisha vidole vinne. Sawae aliupima kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ukiwa bado ndani akaelewa alichokuwa anapima. Kabati lenye ufa kama huo halibani hewa, hata likitengenezwa na fundi gani.

Kitu kikampulizia vidoleni.

Pumzi... ya moto... yenye harufu ya wali.

Alichomoa mkono. Upande wa mbele wa kabati, droo ya tatu ilifunguka tena. Wote wawili walikuwa nyuma.

"Mkamwana..."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyehitaji kupaza sauti ili atiiwe.

"Mkamwana... wali..."

Michiyo akageuka. Uso wake ulikuwa mtupu. Alianza kutembea kuelekea mlango wa jikoni, na mikono yake ilikuwa inaosha mchele hewani, ikizungusha, ikimimina, ikizungusha. Sawae alimdaka mkono wa sweta.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kupika."

"Kumpikia nani?"

Alimfinya kwelikweli, kama mtoto anavyofinywa msibani akicheka. Michiyo akashtuka, akamtazama, na machozi yakamtoka.

"Ndivyo alivyoniita miaka thelathini na moja," alinong'ona. "Mkamwana. Jina langu hakulitaja hata siku moja. Mwalimu, binti yangu yuko Fukuoka, atajifungua mwezi huu. Nimekwenda stesheni mara tatu. Mara tatu nimekata tiketi. Namsikia akiniita, halafu nazinduka niko jikoni, mchele umeoshwa, mikono ya baridi mpaka kwenye viwiko. Nikasema labda vyombo vyake vikiondoka, naye ataondoka. Garimoshi langu ni la saa tatu asubuhi. Safari hii nikishindwa, sitaondoka tena."

Sawae aliogopa, tuseme ukweli. Lakini yeye alikuwa mtu ambaye woga humpandisha hasira, na hasira ndiyo iliyomzungusha kabati na kumfikisha mbele ya ile droo.

Ndani mlikuwa na sanduku dogo la mbao. Ndani ya sanduku, bakuli la wali, dogo, la buluu na nyeupe. Mistari ya dhahabu ililizunguka pale lilipokuwa limeungwa. Vipande saba. Kazi ya fundi mzuri sana. Aliligonga kwa ukucha.

Koh.

Na lilikuwa na joto.

"Hili halimo kwenye orodha."

"Ni bakuli lake."

"La wali? La kwake?" Sawae alimgeukia polepole. "Halikuvunjwa siku ya mazishi?"

Kila mtu Arita analijua jambo hili bila kufundishwa. Jeneza likitoka nyumbani, bakuli la wali la marehemu huvunjwa mlangoni, ili aone hana tena chakula hapa na ashike njia yake.

"Lilivunjwa," Michiyo alisema. "Nililivunja mimi. Ila nililitupa kwa mikono miwili. Vipande vilifika barabarani. Mama Koga wa duka la tofu akasema, watu wote wakisikia, 'Mtazameni mkamwana anavyofurahi.' Ulimi hauna mfupa, mwalimu. Wiki nzima nilikuwa naliwa mimi mjini badala ya tofu. Basi nikaviokota vipande, nikampelekea fundi akaliunga kwa dhahabu. Ibada ya siku ya arobaini na tisa nikaliweka mbele ya picha yake, nikalijaza wali, wageni waone ninavyompenda."

"Wakaona?"

"Wakasifu sana. Na jioni ile ile akaniita."

Sawae alishusha pumzi. "Umemkaribisha mezani wewe mwenyewe."

Taa ya ghala ikafifia. Harufu ya wali ikawa nzito mpaka ikakaa kooni. Sawae alipiga goti, akaweka fomu juu ya sakafu, akaandika kama alivyoandika maisha yake yote: Droo ya tatu, bakuli moja la wali, hali yake... Kalamu ikagoma. Kitu kilikuwa kimeishika ncha.

Sikioni mwake, karibu mno:

"Zima... andika zima..."

"Bibi," Sawae alisema, na sauti yake ilitetemeka lakini haikurudi nyuma, "sijawahi kumwandikia mtu uongo akiwa hai. Nikuandikie wewe?"

Akaishika kalamu kwa mikono miwili. Akaandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikatoboka. LIMEVUNJIKA.

Droo zote zikafunguka kwa pamoja.

Zikajifunga. Zikafunguka. Sahani tano zikaimba zenyewe juu ya kitambaa, kiiiin, kiiiin, bila kuguswa na ukucha wowote.

"Lichukue!" Sawae alimwambia Michiyo. "Mimi si wa nyumba hii. Kuvunja ni kazi yako."

Michiyo alilichukua. Lilimuunguza, alivyosema baadaye, lakini hakuliachia. Alivuka ua akitembea kama mtu anayepita kwenye maji ya kifuani, maana miguu ilitaka jikoni na yeye alitaka lango. Nyuma yake sauti ilikuwa inamfuata. Mkamwana... wali... mkamwana... Alifika langoni, akalifungua wazi kwa bega. Ng'ambo ya barabara Mama Koga alikuwa anafunga duka lake la tofu.

"Mama Koga," Michiyo aliita. "Safari hii tazama vizuri."

Kisha akageukia nyumba.

"Mimi naitwa Michiyo. Nimekupikia miaka thelathini na moja, na wali wangu ulikuwa mzuri. Siku ile nilifurahi. Nilifurahi sana. Nenda."

Akalitupa kwa mikono miwili.

Mlio ulisikika mpaka kona ya posta. Harufu ya wali ikageuka ya ukoko ulioungua, halafu haikuwepo. Ghalani kukawa kimya.

"Aibu gani hii, mbele za watu?" Mama Koga aliuliza.

"Yangu," Michiyo alimjibu. "Sikuazimi."

Wakaokota vipande kwa mwanga wa tochi, wavipeleke hekaluni. Lilikuwa limepasuka palepale kwenye mistari ya dhahabu. Kati ya saba walihesabu sita. Walitafuta mfereji mzima, wakainua hata mawe, wakarudia. Sita.

Asubuhi lori lilikuja, na saa tatu Michiyo alipanda garimoshi. Sawae alisimama jukwaani akimwangalia mpaka behewa la mwisho likapinda, asije akashuka. Hakushuka. Siku ya nne alituma picha ya mtoto mchanga wa kike, na chini yake maneno mawili: Nimelala usingizi.

Jioni hiyo hiyo Sawae alikuwa jikoni kwake. Alichukua kijiko, akasukuma droo ya juu. Ya tatu ikatoka, taratibu, kiasi cha shubiri.

Kabati lake ni la kiwandani, la bati, limelegea kila upande. Hewa hupita humo inavyotaka.

Ndani ya droo, juu ya vitambaa vya vyombo, kulikuwa na kipande cha kauri ya buluu na nyeupe chenye ukingo wa dhahabu. Huenda kiliruka siku ile kikanasa kwenye pindo la koti lake. Huenda. Lakini koti hutundikwa mlangoni, na kipande kilikuwa cha moto.

"Mkamwana..."

"Umekosea nyumba, bibi," Sawae alisema. "Mimi sikuolewa."

Alichukua nyundo. Alikiponda juu ya jiwe la uani mpaka kikawa unga, akaufagia unga, akaumwaga mtoni, akarudi akanawa mikono. Alijisikia mshindi, na alistahili.

Usiku ule alikula mkate. Na kesho yake mkate. Wali hajaupika tena nyumbani kwake mpaka leo.