Tao la Katikati

Hadija alipomaliza kuswali adhuhuri chumbani, alitoka akakuta tao la katikati la daraja dogo la mfano limeanguka. Vitofali vya udongo wa Rufiji, alivyovifinyanga kaka yake Muhidini kabla mikono haijamwishia nguvu, vilikuwa vimelala mezani. Matao mengine yote ya daraja yalisimama.

Muhidini, dereva wa treni mstaafu, alikuwa kitandani kando ya meza, amefumba macho. Hospitali ilishawaambia wamrudishe nyumbani Kibiti. Ombi lake lilibaki moja, aione treni yake ndogo ya betri ikivuka daraja.

"Ni paka, shangazi," alisema Warda, binti yake.

Hadija alifanya kazi ya polisi miaka mingi. Paka angevuruga meza nzima. Hapa limepotea tofali moja tu, lile jiwe la juu linalofunga tao. Ukilichomoa, mengine hayana wa kuyashika.

Mume wa Warda, Twalibu, akaingia akitoka msikitini. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni.

"Jana ulisema kazi hii ya daraja imekuchosha," Hadija alimwambia.

"Nilisema, shangazi. Lakini nimeswali bega kwa bega na jirani yetu Huseni, kamuulize. Wekundu huu ni wa magome ya mikoko ninayochemsha kupaka matofali."

"Na kwenye tofali rangi inatoka?"

"Haitoki, labda ulishike kwa mkono wenye maji."

Moyo wa Hadija ukamuuma. Kikulacho ki nguoni mwako. Warda alikuwa bado na shela yake nyeupe ya kuswalia, na chini ya kifua, pale mtu anapofunga mikono, palikuwa na alama nyekundu za vidole.

"Ulitoka kutawadha ukapitia hapa, mwanangu. Lete jiwe."

Warda akalifungua kwenye pindo la kanga. "Daraja hili ndilo linalomshikilia. Likiisha, atabaki kusubiri nini?"

"Udongo wa kuungia matofali unakauka kwa siku kadhaa, Warda. Unadhani anazo?"

"Limesimama?" Muhidini aliuliza kutoka kitandani.

Kiunzi cha mbao cha kuegemeza tao linapojengwa walishakichoma kama kuni chini ya sufuria ya rangi. Hadija akaweka viganja vyake viwili badala yake, Twalibu akapanga matofali juu, Warda akapachika jiwe huku machozi yakimtoka. Muhidini aliiona mikono ya dada yake.

"Washa," akasema.

Treni ikavuka polepole mpaka ng'ambo, ikasimama. Macho ya Muhidini yalikuwa wazi, hayapepesi.

"Shangazi," alisema Warda, "usiachie."