Jicho Lililonuka Bwawa

Asubuhi waliyomfunga mzee Hung jenezani, jicho la kulia la Li-hsia liligoma. La kushoto lilikuwa kavu kama kawaida yake. Hili la kulia lilikuwa kigae.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kununua dawa ya matone na kusahau. Lakini Li-hsia alikuwa binti wa kulia misibani. Pale Huwei, mji mdogo wa mashambani kusini mwa Taipei, na vijiji vyake, msiba wenye heshima hukodi mwanamke wa kuvaa kanzu nyeupe na ushungi wa gunia, akatambaa kwa magoti tangu barabarani hadi mbele ya jeneza, kipaza sauti mkononi, akimwita marehemu "baba, baba" kwa niaba ya wanawe walioshindwa kufika, au waliofika wakashindwa kulia. Kazi hiyo haitaki miwani. Miwani hudondoka mtu akitambaa, na Li-hsia bila miwani asingetofautisha jeneza na jokofu la soda. Ndiyo maana alivaa lenzi, vile vigamba laini vinavyobandikwa juu ya mboni. Moshi wa udi na viyoyozi vya kumbi za mazishi vilimkausha macho mwaka hadi mwaka, naye alizitunza lenzi zake kivivu: maji ya jana yakibaki kikoponi, humwagia mapya juu yake. Simcheki. Msimulizi wenu amevaa miwani maisha yake yote kwa kuogopa kidole chake mwenyewe.

Wifi yake Meng-chu, mpiga kinanda wake, alimwambia aweke matone kabla ya kushuka garini. Chupa ilikuwa tupu. Basi apepese macho, alau yapate unyevu.

"Nikipepesa sana watasema namkonyeza marehemu," Li-hsia akajibu.

Msimamizi wa mazishi akatoa onyo linalotolewa kila jeneza linapofungwa: sogeeni, muageni, ila chozi lisimdondokee. Chozi la aliye hai likimgusa maiti humfunga, akashindwa kwenda zake. Siku ile onyo halikuwa na wa kuonywa. Mzee Hung alikuwa mfuga samaki, mjane, aliyekutwa amezama bwawani mwake, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Po-jui, mtu wa ofisini huko Taipei, aliyesimama kando ya baba yake akiwa na macho makavu kuliko ya Li-hsia.

Li-hsia akainama juu ya jeneza, akakaza kope, akakamua kama anayekamua ndimu ya juzi. Lenzi ya kulia ikachomoka pamoja na chozi moja lililokuwa limejificha nyuma yake. Vyote viwili vikatua juu ya kope iliyofumba ya mzee Hung, pale pembeni penye makazi ya tongotongo.

Hakuna aliyeona, kwa kuwa ushungi ulikuwa umemfunika. Bado alikuwa na wimbo mzima mbele yake, na nusu ya dunia imeshageuka ukungu. Akaidokoa lenzi kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na baridi ya jokofu. Akaitia mdomoni, akaisuuza kwa mate, akairudisha jichoni.

Niwieni radhi kama mlikuwa mnakula.

Machozi yakaja. Yalikuja mengi mpaka kipaza sauti kikakoroma, wanawake wa jirani wakaanza kulia kwa kuyaona tu, na msimamizi akamshika Meng-chu mkono akimwambia wifi yako leo amepandwa. Njia nzima ya kurudi jicho lile lilibubujika. Meng-chu alikuwa akicheka, kisha akafungua dirisha la gari, akauliza nani amekanyaga samaki.

Siku zilizofuata simu hazikukatika. Kila mwenye msiba alimtaka yule binti wa jicho moja la mto. Li-hsia alifurahi hadi mchana mmoja walipokaa kula tambi, chozi likadondoka kwenye bakuli lake bila huzuni yoyote. Halikuyeyuka kwenye mchuzi. Lilielea, zito, la kijanikijani, na harufu iliyopanda ilikuwa shombo ya bwawa lililokauka nusu. Ndani ya chozi kitu kilichezesha miguu.

"Usile," Meng-chu alinong'ona.

"Sikuwa na nia."

Alipojaribu kuitoa lenzi, haikutoka. Aliibana kwa vidole, ikateleza kama kambare na kupanda chini ya kope. Alipoliacha jicho, ikashuka yenyewe na kutulia juu ya mboni. Akaanza kuamka na kope zilizogandamana, akizibandua kwa kitambaa cha maji ya moto, na tongotongo zilizobaki kwenye kitambaa zilikuwa za kijani, za kuvutika, na siku moja zilikuja na gamba la samaki.

Daktari wa macho alimkaripia kwanza, kama ilivyo haki yao. Jicho kavu haliongezewi lenzi, alisema, hupumzishwa. Matone yasiyo na dawa ya kuhifadhi, miwani, kitambaa cha moto juu ya kope, na maji ya lenzi humwagwa kila siku. Kisha akachukua kibano, akainamia lile jicho, na lenzi ikamponyoka. Alijaribu tena na tena. Mwisho akaketi mbali kidogo, akafunika pua kwa barakoa ya pili, akamwambia kwamba kioo cha jicho kimeanza kuoza, na kwamba lenzi ikibaki mle atalipoteza jicho, kisha huenda na la pili.

Kutoka hapo hofu haikumpa nafasi ya kupumua, kwa sababu kila alipofumba jicho la kushoto, la kulia liliendelea kuona, na lilichokiona hakikuwa chumba chake wala uso wa wifi yake aliyekuwa akimpepea, bali maji ya rangi ya chai yenye mwanga unaotoka juu, na matumbo meupe ya samaki yakipita taratibu, na vinyesi vyao vikishuka kama vumbi na kumtulia usoni, naye hawezi kuvipangusa, kwa sababu mikono anayoiona mbele yake, iliyovimba, yenye ngozi inayobanduka kama soksi, si yake, na jinsi anavyozidi kutazama ndivyo anavyozidi kujua, bila kuambiwa na mtu, kwamba aliyemo mle hatazami samaki, anangojea mtu.

Meng-chu akamburuta kwa Bi Kao, mwanamke mfupi mwenye kutafuna tambuu, ambaye akina mama humpelekea watoto walioshtuka ili azirudishe roho zao. Bi Kao alifunga kikombe cha mchele ndani ya shati la Li-hsia, akamzungushia kichwani na udi, akanong'ona, kisha akafungua. Mchele ulikuwa umelowa. Ulinuka.

"Huyu hakukufuata, mwanangu. Ulimbeba," alisema. "Ulimfanya nini?"

Li-hsia akasimulia yote. Alipofika kwenye mate, Bi Kao akatema tambuu yake. Alisema ameyaona mengi lakini hili lingemtoa hata nguruwe kwenye chakula. Chozi lilimfunga mzee, na ulimi ukamfungulia mlango. Kwa hiyo atatoka alivyoingia, kwa ulimi, ila uwe ulimi wa damu yake.

Walimkuta Po-jui kwenye nyumba ya bwawani akifunga mizigo ya baba yake ili auze. Meng-chu ndiye aliyeeleza, Li-hsia akisimama mlangoni na taulo usoni. Po-jui alisikiliza kwa adabu ya watu wa ofisini.

"Dada, niliwakodi mlie," alisema mwishoni. "Kulamba jicho hakukuwemo."

"Hata mimi sikupenda kukuomba," Li-hsia akasema, akashusha taulo.

Jicho la kushoto lilikuwa likitazama sakafu kwa aibu. La kulia liligeuka peke yake, likamtafuta Po-jui, likamwona, na kope yake ikatetemeka haraka haraka kama ya mzee anayejaribu kusoma. Ute wa kijani ukashuka shavuni.

Po-jui aliweka chini sanduku alilokuwa amelishika. Akazungumza kwa sauti ya chini, si na wao. Alisema alipokuwa mdogo, vumbi la chakula cha samaki lilikuwa linamwingia machoni, na baba yake humshika kichwa kwa mikono miwili akamlamba jicho mpaka vumbi likatoka. Mdomo wake ulinuka pombe na utumbo wa samaki.

"Nilikuwa naona kinyaa," alisema. "Nilipokua, nikawa namkimbia akinikaribia. Hakuwahi kunishika tena."

Akamshika Li-hsia kichwa kwa mikono miwili. Meng-chu aligeukia ukuta. Ulimi ulipogusa, Li-hsia alihisi kitu kikijikaza ndani ya fuvu lake, kikajivuta, kikang'ang'ania nyuma ya jicho kama ruba anayetolewa mguuni, halafu kikaachia chote kwa pamoja, na bwawa zima likamtoka, la moto, lenye tope, kwenye mdomo wa yule mwanamume. Po-jui alirudi nyuma akiwa ameziba kinywa, mashavu yamejaa. Bi Kao alikuwa amewaambia ateme kwenye karatasi ichomwe. Meng-chu alimwonyesha ile karatasi, akamsihi.

Lakini machozi yalikuwa yameanza kumtoka, ya kwake, ya kwanza tangu msiba. Akatikisa kichwa kama mtoto anayekataa kunyang'anywa. Akameza.

Jicho la Li-hsia likapona. Siku hizi anatambaa na miwani iliyofungwa kwa kamba kisogoni, na wateja wanaocheka anawaacha wacheke.

Po-jui alimpigia simu baada ya majuma kadhaa, mchana, akiwa ofisini Taipei. Aliongea kwa kunong'ona. Alisema halii kwa huzuni, ila machozi hayakauki, na wenzake wamehamisha meza zao kwa sababu ya harufu. Akauliza, wao wanaolia kwa kazi, huwa wanaachaje?

Li-hsia akamweleza siri ya kazi yao: kaza koo, meza mate polepole, yanarudi ndani.

"Nimejaribu, dada," alisema. "Nikimeza, kuna mwingine anameza baada yangu."

Akasogeza simu kooni ili asikiwe. Li-hsia alisikia koo la kijana likimeza. Kisha, karibu zaidi na simu, likameza la mzee.