Kengele ya Mlima Ogihara

Bibi Orie, muuza vitonge vya wali vya kuchoma kwenye vijiti, alishikilia kuwa kengele imeibwa na dubu.

"Nimemwona alfajiri, afande. Kasimama kwa miguu miwili, anafungua kamba."

"Dubu afungue fundo?" aliuliza Mkaguzi Nagumo.

"Dubu wa siku hizi unawajua wewe?"

Nagumo alipanda njia kuu ya zamani hadi juu ya mji. Nguzo ilikuwa tupu. Kengele ya shaba, ambayo kila mpita njia huipiga ili dubu wasikie wajitenge, haikuwepo. Mahali pake palining'inia mfuniko wa sufuria na kijiti cha kuugongea.

Mwizi gani huyu, anaiba huku akiwahurumia wapita njia?

Alivaa glavu. Hakuhitaji kutafuta alama za vidole. Mfuniko ulifungwa kwa mkanda wa buluu, wa vazi la kulalia la wageni, wenye chapa ya korongo. Ogihara nzima chapa hiyo ilikuwa ya nyumba moja tu ya wageni, nayo ilifungwa miaka tisa iliyopita.

Mwenye nyumba, Fumiyo Hatori, alikuwa kwenye ua wa nyuma akimenya matunda ya kukausha.

"Mama Fumiyo, sufuria yako ina mfuniko?"

Kisu kilisimama. "Haina."

"Kengele iko wapi?"

"Kwenye pipa la mchele. Nimeifunga taulo isilie."

"Ulikuwa na nani?"

"Kwa umri huu nitafute genge, afande?"

Nagumo aliinamia daftari lake, kuficha tabasamu. "Kwa nini uliiiba?"

"Zamani ikilia, tulijua mgeni kavuka mlima. Mimi naweka maji ya kuoga motoni, mume wangu Genzo anakwenda kumpokea. Sasa kasahau kila kitu, hata jina langu siku nyingine. Kengele hajaisahau. Ikilia, huyo, anatoka. Juzi nimemkuta kijitoni, maji ya kifua, bado anainama: karibuni, karibuni."

"Na mfuniko?"

"Niliujaribu mara tatu. Huku chini hausikiki."

"Wala dubu aliye mbali hausikii, mama. Kengele lazima irudi leo."

"Najua."

Alijifuta mikono, akaingia jikoni, akarudi amekumbatia kengele kama mtoto mchanga. Alipoinyanyua kumpa, taulo liliteleza.

Ililia mara moja.

Ndani, mbao za sakafu zikalia nazo. Sauti ya mzee ikapanda, yenye furaha:

"Fumiyo! Mgeni! Weka maji!"

Nyayo zilielekea mlango wa mbele, upande wa barabara. Fumiyo alimshika Nagumo mkono wa koti, vidole vyake vikinata utomvu wa matunda.

"Afande, kituoni nitakuja mwenyewe, niandikishe maelezo yote. Ila sasa hivi zunguka, upite mlango wa mbele. Mgeni aliyefika uwe ni wewe. Mara moja tu, baba."