Bawa la Kushoto la Mjomba Kálmán

Kila Jumamosi Etelka na bibi yake walitia wanga sketi zao za ndani za kwendea kanisani. Sketi ikikauka vizuri ilisimama yenyewe sakafuni. Mwaka ule wa 1911 pale kijijini Homokos, msichana aliyevaa sketi zilizolegea alichekwa wiki nzima.

Jumamosi hiyo, baada ya kumaliza sketi, Etelka aliitwa ghalani. Mjomba Kálmán, fundi baiskeli, alikuwa ameunda eropleni kwa mbao na kitani. Alimpa kopo la vanishi ya kukaza kitani na kuzuia maji.

"Paka mabawa yote, Etelka," alimwambia. "Kesho naruka."

Etelka alipaka kwa bidii. Alipofikia bawa la kushoto, kiwiko chake kiligonga kopo, na vanishi yote ikanywewa na vumbi. Kisha akakumbuka wanga uliobaki jikoni. Akaupaka, kitani kikakauka na kukazika kama ngoma. Hakumwambia mtu.

Asubuhi ukungu ulitanda kijiji kizima. Etelka aligusa bawa la kushoto, akakuta kitani kimelowa na kulegea. Akamkimbilia Mjomba.

"Mjomba, bawa la kushoto..."

"Linakusalimu," Mjomba alimkatiza kwa utani huku akipanda. "Hebu sogea, propela isije ikakukata."

Injini ikanguruma. Etelka alipiga kelele, lakini hata yeye mwenyewe hakujisikia. Alipotaka kukimbilia eropleni, bibi alimdaka mkono.

"Unataka kufa, wewe?"

"Bibi, sikupaka vanishi!"

"Eti nini?"

Wanaume waliokuwa wameshika mkia wa eropleni wakauachia. Etelka hakuwa na la kufanya tena ila kutazama. Eropleni ilipita juu ya paa la ghala, kitani kikaanza kupigapiga, kikachanika, nayo ikainamia kushoto na kuangukia kwenye mahindi.

Walimkuta Mjomba yu hai, mguu umevunjika. Etelka alipiga magoti kando yake, akasema yote huku analia. Bibi akainua mkono kumchapa.

"Mwache, mama," Mjomba alisema kwa shida. "Etelka, vanishi ikimwagika tunangoja nyingine, kijiji kinanicheka, basi. Lakini nikiwa juu kule sina pa kushika ila ukweli wa aliyebaki chini. Siku nyingine ukikosea, sema papo hapo."

"Nitasema, Mjomba. Sasa mabawa mapya atayapaka nani?"

"Wewe," alisema Mjomba. "Na atakayeruka ni mimi."