Mpira Usiolia

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi basi la kaunti hupiga honi mara mbili langoni petu pale Othaya, na Cucu huanza kunifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

"Mutahi, toka. Hilo basi si la baba yako. Umevaa viatu?"

"Nimevaa, Cucu."

"Kila kimoja kwa mguu wake?"

Cucu ni nyanya yangu, jina lake Kabura, na swali hilo ana haki ya kuliuliza. Macho yangu huona mwanga na vivuli, basi. Ukiniwekea ng'ombe na meza mbele yangu, nitangoja kimoja kilie ndipo nijue cha kukalia. Shuleni hukisogeza kitabu karibu na uso hadi wenzangu huuliza kama ninakisoma au ninakinusa. Nina miaka kumi na miwili na nimeshayasikia yote.

Lakini Jumamosi ni siku nyingine. Siku hiyo ukumbi wa jamii mjini Nyeri huwa wetu, sisi wakazi wenye ulemavu, wakubwa kwa wadogo, na hatulipi chochote. Kaunti hutoa ukumbi, basi na makocha. Wenye viti vya magurudumu hucheza mpira wa vikapu na kugongana kwa raha zao. Wasiosikia hucheza dansi bila viatu, wakifuata mdundo unaotetemesha sakafu ya mbao. Kisha saa tano ni zamu yetu sisi wa golboli.

Kama huijui golboli, keti nikueleze. Ni timu mbili, watu watatu kila upande. Mpira ni mzito na ndani yake mna kengele ndogo. Unaubingirisha kwa nguvu kwenda upande wa pili, nao wakiusikia ukija wanajilaza sakafuni kuuzuia kwa mwili mzima. Mistari ya uwanja ni kamba iliyobandikwa kwa utepe, ili uipapase kwa vidole ujue uko wapi. Kila mchezaji huvaa kifuniko cheusi cha macho, hata yule asiyeona kabisa, ili sisi tunaoona kidogo tusiwapunje wenzetu. Ukigusa kifuniko mchezo ukiendelea, unaadhibiwa: unabaki peke yako kulinda goli lote, mita tisa. Na watazamaji lazima wanyamaze. Katika mji ambao watu husalimiana kutoka ng'ambo ya barabara, hiyo ndiyo sheria ngumu kuliko zote.

Kocha wetu ni Rowda, afisa wa michezo wa kaunti, aliyekulia Nanyuki ambako baba yake huuza mifugo. Husema kwamba mtu aliyewahi kuwapanga mbuzi mia mbili kwenye foleni hawezi kushindwa na sisi. Mwanzoni mwa muhula alitangaza kuwa baada ya wiki nane timu ya Murang'a ingekuja kucheza nasi, na kwamba angechagua watatu tu. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Shuleni, timu zikichaguliwa, mimi hupewa kazi ya kushika masweta.

Hapo ndipo nilipogundua kipaji cha pua yangu. Ni pua kubwa, ya ukoo wa mama. Nikiikunja, kifuniko hupanda kidogo na kuacha mwanya wa upana wa punje ya mahindi. Sakafu ya ukumbi ni nyeupe na mpira ni wa buluu. Kupitia mwanya huo niliona kivuli chake kikija, wazi kabisa, nami nikajilaza mbele yake kama mtu anayeenda kulala.

Nilizuia mpira wa kwanza, wa pili na wa kumi. Jumamosi iliyofuata wakaanza kuniita Ukuta. Ben, kijana wa Karatina ambaye mdomo wake haujui sheria ya kunyamaza, aliapa kwamba nina masikio ya popo. Sikumkatalia. Ni nani anayekataa masikio ya bure?

Aliyekataa ni Trupti. Trupti haoni hata mwanga. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na yeye ndiye mchezaji wetu bora. Tulipokuwa tukifungua kamba za viatu akanisogelea.

"Mutahi, wewe unajilaza kabla mpira haujalia."

"Masikio yangu ni mepesi."

"Yangu ni ya mbao?"

"Labda yameingia misumari ya dukani kwenu."

Alicheka, lakini kidogo tu. "Niko na wiki moja ya kukungoja umwambie Kocha mwenyewe," alisema. "Moja."

"Nimwambie nini?"

"Ati nimwambie nini," aliniiga, akaenda zake.

Wiki ikapita nami sikusema neno. Jumamosi ilipofika tulianza mazoezi kama kawaida. Trupti akaomba arushe yeye. Nikakunja pua, nikaona kivuli kikija upande wa kulia, nikajitupa. Mpira ukanigonga tumboni na kutulia hapo. Nikangoja makofi.

Hayakuja. Nilisubiri kidogo, maana wakati mwingine watu huchelewa. Kisha nikagundua kuwa mpira ule ulikuwa mwepesi. Nikautikisa. Ukanyamaza. Nikautikisa tena, kwa nguvu, kama mtu anayeamsha jirani.

"Nani amerusha?" Ben akauliza kutoka pembeni. "Mimi sijasikia kitu."

"Ni mpira wa kaka yangu, wa kawaida, hauna kengele," Trupti alisema. "Hakuna mtu angeusikia. Mutahi ameuzuia."

Ukumbi mzima ulitii ile sheria ya kunyamaza siku hiyo. Kocha Rowda akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Vua. Unaona nini?"

"Kivuli chako, Kocha."

"Trupti anaona nini?"

"Hakuna."

"Sasa niambie. Katika mji huu wote, ni wapi pengine ambapo wewe na Trupti mnaanza mkiwa sawa?"

Nikatafuta jibu. Shuleni hapana. Barabarani hapana. Sokoni ndio usiseme. "Ni hapa tu," nikasema.

"Na hapa pia umempunja. Utakaa nje Jumamosi mbili. Nafasi yako haipo tena. Ukiitaka, utaitafuta kwa masikio."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza hadi Cucu akanipima joto la kipaji cha uso. Nikamweleza yote, hata habari ya pua. Nilidhani atanionea huruma.

"Hiyo pua ni ya kwetu," alisema, "na haijawahi kutuaibisha hadi leo. Lete kopo la majani ya chai."

Akalitia maharagwe, akanifunga macho kwa leso yake, akaanza kulibingirisha uani. Kila jioni baada ya shule, Cucu alirusha nami nikajitupa kwenye nyasi. Alilipenda zoezi hilo kupita kiasi. Alijifanya anarusha kushoto, akarusha kulia, kisha akanicheka kwa kikohozi. Siku ya tatu nilizuia mara moja. Siku ya kumi nilizuia mara tisa, na kopo lilikuwa limebonyea kama kofia ya mlevi.

Trupti naye alinishangaza. Jumamosi ya kwanza ya adhabu yangu alikuja nilipokuwa nimeketi.

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Sawa. Ukimaliza kukasirika, njoo dukani."

Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana, maana kukasirika na njaa pamoja ni kazi nyingi. Dukani, baba yake, Bwana Alpesh, alikuwa akimimina misumari kwenye mizani. Trupti akiwa ameipa mizani mgongo akasema, "Inchi mbili." Misumari mingine ikamiminwa. "Inchi nne, na kuna mmoja wa inchi tatu umeingia humo." Bwana Alpesh akachambua, akautoa ule mmoja na kuutia mkononi mwangu.

"Hivi ndivyo anavyonifanyia kila siku," alisema. "Hata siwezi kukosea kwa amani."

"Usiusikilize mlio wote," Trupti akaniambia. "Sikiliza unatoka wapi, halafu unaelekea wapi."

Jumamosi ya tatu nilirudi uwanjani. Kabla sijavaa kifuniko nilimwendea Kocha nikamwomba anibandike pamba machoni kwa plasta. Alibandika, akasukuma kifuniko mpaka pua yangu ikalalamika. Siku ile mipira minne ilinipita. Ilikuwa giza kweli. Lakini miwili niliizuia, na hiyo miwili ilikuwa yangu. Jumamosi iliyofuata, Kocha aliposoma majina matatu, jina langu lilikuwa la mwisho. Trupti, Ben, Mutahi.

Murang'a walikuja na basi lao na wimbo wao. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Cucu aliketi mstari wa mbele, na kwa kuwa Kocha Rowda anamjua vizuri, alimpa kipande kikubwa cha nduma iliyochemshwa.

"Shosho, ukisikia unataka kupiga kelele, uma hii."

Tulicheza. Trupti alirusha mipira iliyoteleza sakafuni kama mjusi. Ben alizuia kama aliyezaliwa amelala. Wao wakafunga, sisi tukafunga. Zikabaki sekunde ishirini, sisi tano, wao nne. Mpira mkali ukaja kati yangu na Ben, tukajitupa wote wawili, ukampiga Ben begani na kutoka nje. Tulipokuwa tumelala pale, mkono wangu wa kulia, huo mjinga, ukainuka wenyewe na kugusa kifuniko puani. Ilikuwa tabia tu. Chini ya kifuniko kulikuwa na pamba na giza. Lakini niligusa.

Filimbi ikalia.

"Kugusa kifuniko," mwamuzi alisema. "Nyeri, namba mbili. Adhabu."

Namba mbili ni Ben.

"Mimi?" Ben akasema. "Mwamuzi, mikono yangu iko chini ya tumbo langu."

Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri. Ben ni hodari kuliko mimi. Akibaki peke yake golini, huenda tukashinda. Nikibaki mimi, sijui. Hakuna aliyeona ulikuwa mkono wa nani, na wawili kati ya wachezaji wa timu yangu hawangeweza kuona hata wakitaka.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Namba tatu."

Ukumbi ukaguna. Ben na Trupti wakaongozwa nje. Trupti alipopita karibu yangu akanong'ona, "Ukisikia, ndipo ulale. Si kabla."

Nikabaki na mita tisa. Nikapapasa kamba ya katikati kwa vidole, nikapiga magoti.

"Kimya," mwamuzi akasema.

Nikasikia mbao zikilia chini ya mchezaji wa Murang'a: hatua moja, mbili, tatu. Kengele zikaanza kusikika upande wangu wa kulia. Kopo la Cucu lilikuwa limenidanganya hivyo mara mia. Sikulala. Nikangoja nijue zinaelekea wapi. Zikakata katikati, zikaenda kushoto, zikaongezeka. Nikajitupa kushoto, nikajinyoosha hadi vidole vikapapasa kamba ya mwisho, na mpira ukanigonga ngumi kwa maumivu matamu ambayo sijawahi kuyapata. Ukaruka. Nikausikia ukilia, ukilia, nje ya uwanja.

Filimbi. Muda umekwisha.

Nduma ya Cucu ilianguka sakafuni. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano na wa kike vitatu. Cucu alipiga vitano vyangu, vitano vya Ben, na alipofika kwa Trupti akapiga vitatu, akafikiri, akaongeza viwili. "Huyo ametuzidi sote," alisema. Ukumbi ulioshikilia pumzi mchana kutwa ukalipuka, na hata basi la Murang'a lilipiga honi, ingawa sijui nani alikuwa ndani.

Ben aliniangukia shingoni. "Ungeniachia ile adhabu, ningeizuia kwa mguu mmoja."

"Ndiyo maana sikukuachia," nikamwambia. "Ungetusumbua na hadithi yake mpaka Krismasi."

Kocha Rowda alitukalisha watatu kwenye ukingo wa jukwaa, akanibandua pamba polepole.

"Kaunti inaweza kuwapa ukumbi, basi na mpira wenye kengele," alisema. "Ukweli haiwezi kuwapa, huo kila mmoja anakuja nao kutoka nyumbani. Mutahi, nimefurahia ule mpira uliozuia. Lakini nilijua nimechagua timu nzuri kabla haujarushwa, pale uliposema ni wewe. Mwamuzi akikuona, kazi ni yake. Asipokuona, wewe ndiye mwamuzi, hapa na kokote uendako. Mtu akijua hivyo, kila anachoshinda ni chake."



"Umesikia?" Trupti akaniuliza.

"Nimesikia," nikasema. Na safari hii nilikuwa nimesikia kweli.