Asilimia Mbili

Lifti ya hospitali ilikuwa imejaa pomoni, na mlango ulipojifunga ukabana pindo la gauni la kijani la mtakwimu.

"Usivute, dada, litachanika," alisema kijana wa shati jeupe aliyesimama nyuma yake. "Tusubiri ghorofa ya pili."

"Na likichanika?"

"Nitakushonea. Mimi fundi."

Kumbe alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Alikuwa ametunga moja ya kusoma picha za mapafu na kutambua nani ana uvimbe. Mtakwimu naye ndiye aliyeitwa kuilinganisha na ile ya zamani iliyokuwa ikitumika hospitalini. Walipokutana tena kikaoni wakacheka, na mapenzi yakashika moto.

"Umekula, mpenzi?" fundi alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Nimekula maneno yako, bado nina njaa."

Kisha matokeo yakatoka. Mtakwimu akayatazama. Programu mpya iliizidi ya zamani kwa asilimia mbili za majibu sahihi. Lakini alipozilinganisha picha kwa picha, jaribio la kitakwimu lilionyesha kwamba pengo dogo kama lile lingeweza kuletwa na bahati tu.

"Siwezi kusema yako ni bora," alimwambia.

"Hizo asilimia mbili huzioni?"

"Naziona. Siziamini. Picha ni chache. Tuongeze, tupime upya."

"Mkurugenzi anaizindua wiki hii! Wewe mpenzi wangu au hakimu wangu?"

"Mpenzi wako. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza."

Fundi akaondoka bila kuaga. Programu ikazinduliwa kwa makofi, ya zamani ikawekwa kando. Simu ya mtakwimu ikawa kimya. Kila alipopita chumba cha eksirei aliwaona wagonjwa wakitoka na nyuso za furaha, wameambiwa mapafu ni safi, naye akajiuliza kama ni kweli.

Mchana mmoja simu ikalia.

"Dada yangu anatema damu." Ilikuwa sauti ya fundi. "Programu yangu ilisema yu mzima. Nimeipitisha picha ileile kwenye ya zamani. Imeona uvimbe."

Mtakwimu alimkuta nje ya chumba alimokuwa akipasuliwa dada yake, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Nimeizima. Mkurugenzi anafoka, na afoke. Niambie tu ulikuwa sahihi."

"Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, hata huyu. Sikusema yako ni mbaya. Nilisema hatujui."

Fundi akalia kama mtoto. Mtakwimu akamkumbatia.

"Nisamehe, mpenzi. Nilitaka nikuoe nikiwa na jina."

"Jina la kukuita ninalo. Linanitosha."

"Basi utakubali?"

"Niulize tena, wifi yangu akishaamka."

Daktari akatoka, akavua barakoa taratibu. "Yu hai. Ila tumechelewa, pafu moja tumeliondoa lote."

Fundi akamgeukia mtakwimu. "Na wale wengine walioambiwa ni wazima?"

"Tuwaite wote. Picha zao zisomwe upya na daktari kwa macho yake."

Wakaketi ofisini bega kwa bega, simu katikati yao. Namba ya kwanza ikaita mpaka wakakaribia kukata tamaa, kisha mwanamke akapokea, sauti changamfu.

"Mume wangu? Yuko kazini! Tangu mmwambie yu mzima amechangamka kweli. Mungu awabariki. Kikohozi tu ndicho kinachokataa kuisha."

Fundi akamsogezea mtakwimu simu. Mtakwimu akamshika mkono, akaukaza.

"Mama," alisema, "mlete leo. Usingoje kesho."