Neno la Kumwachilia Subira

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Agosti, mwaka wa tisini na sita, Swafia alipita katikati ya soko la Kakamega na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, na watu wakampisha njia kana kwamba amebeba nyoka. Hakujali. Alivaa gauni la zambarau lililomfika kwenye vifundo, mtandio mweupe kichwani, na chini ya uzuri huo wote mabuti ya mpira. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mwislamu wa Mumias, mzalishaji wa mbwa: alishazoea kutazamwa mara mbili.

Alipofika penye wauza kuku, kikapu kilitikisika. Mtoto wa mbwa, jike jeusi tii la wiki kumi, akaruka, akaangukia matope, akakimbia hatua tano na kusimama ghafla. Mguu mmoja wa mbele ulibaki hewani, umekunjwa. Mkia ukanyooka kama rula. Pua ilielekea kizimba cha fito alichoshika mwanaume mmoja, na ndani yake mlikuwa na kware watatu.

"Hii mbwa imeganda," muuza kuku mmoja akasema. "Iko na kifafa. Mtu aimwagie maji."

"Usimwage, mama," yule mwanaume akasema kwa sauti ya chini. Hakuwa amesogeza hata kidole. "Hana kifafa. Anasimamia ndege. Anamwambia mwenyewe wako hapa, njoo polepole."

Swafia alimtazama vizuri. Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya khaki yenye matope magotini, kamba ya kupimia imening'inia mkandani. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kukutana na mtu mjini aliyelijua jambo hilo bila kuelezwa. Mbwa wa aina ya Labrador wengi hujua kumfuata ndege aliyeanguka na kumleta mdomoni bila kumjeruhi. Ni wachache wanaozaliwa na kipaji cha pili, cha kusimama kama sanamu wakinusa ndege aliyejificha nyasini, mpaka mwindaji afike.

"Umejuaje?" akamuuliza, akiinama kumwokota mbwa wake.

"Babu yangu alikuwa naye mmoja. Naitwa Yakub, natoka Matungu. Napima mashamba ya miwa."

"Na wewe unawinda?"

Alisita kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. "Nawinda. Bunduki ya babu iko nyumbani." Kisha akatazama chini na kutabasamu. "Na hivyo viatu, dada, ni vya kuwinda au vya harusi?"

"Ni vya kukanyagia wanaouliza maswali mengi."

Muuza kuku akacheka mpaka akaketi juu ya tenga lake.

Swafia aliondoka pale na mtoto wa mbwa kifuani, matope yakichafua zambarau yake, na moyo wake ukienda mbio kuliko alivyopenda.

Kazi yenyewe aliirithi. Marehemu baba yake, Farouk, aliwatunza mbwa wa kuwinda wa mkulima mmoja wa chai huko Nandi, na mkulima huyo aliporudi kwao Uingereza alimwachia mbwa wawili, dume na jike. Mjukuu wa hao wawili aliitwa Zuhura, na Zuhura sasa alikuwa mzee. Watoto sita aliowazaa mwaka huo ndio waliokuwa wa mwisho. Katika hao sita, mmoja tu ndiye aliyeonyesha kile kipaji, huyu jike, ambaye Swafia alimwita Subira. Akiharibika Subira, uzao mzima wa baba yake umekwisha.

Kwa hiyo alikuwa mkali. Hakumpa mtu mbwa mpaka aende kwake, aone shamba, aone bunduki na kibali cha kuwinda ndege, aone mahali mbwa atakapolala. Mwenye baa mmoja alitaka wawili wa kulinda geti. Alirudishwa mikono mitupu. Mwingine alitaka wa kuchezea watoto. Akaelekezwa kwenye duka la midoli.

Yakub hakuja kutaka mbwa. Aliwauliza wauza kuku habari zake, akapiga simu.

Swafia alikuwa akiuza katika duka la dawa za mifugo la Bwana Shikanga, na simu ya duka ilikaa juu ya kaunta, mbele ya Shikanga mwenyewe na gazeti lake.

"Duka la mifugo, habari yako."

"Natafuta dawa ya mgonjwa." Nyuma yake sauti za watu wa posta zilisikika.

"Mgonjwa ni ng'ombe au mbuzi?"

"Ni mpimaji wa mashamba. Hali chakula tangu Jumamosi."

"Huyo apewe dawa ya minyoo."

"Nije kuichukua saa ngapi?"

Bwana Shikanga akakohoa nyuma ya gazeti. "Mwambie tunafunga saa kumi na moja," akasema. "Na simu ni ya wateja."

Alikuja saa kumi na moja kasoro. Akaja na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Walikunywa chai ya maziwa katika hoteli ndogo karibu na msikiti, yeye akimtania kuhusu mabuti, Swafia akimtania kuhusu kamba yake ya kupimia ambayo, alisema, angeitumia kupima urefu wa maneno yake. Yakub akaanza kumwita "mpenzi" kwa utani, kisha siku moja akalisema bila utani, na Swafia akajikuta ameitika.

Mwezi wa Oktoba Swafia alimkabidhi Yakub mbwa wake, Subira. Kwa sharti: akikomaa, uzao wake urudi kwa Swafia. Hakwenda Matungu kukagua. Alijiambia ni kwa sababu ya mvua. Ukweli aliujua: hakutaka kumhoji mtu anayempenda kama anavyohoji wenye baa.

Ukweli mwingine aliletewa dukani mwezi wa Machi na Mzee Makhanu, mwalimu mstaafu wa Malava, aliyekuwa amechukua kaka yake Subira na kumtumia kuwinda kanga. Alikuja kutafuta dawa ya kupe.

"Na yule jike mweusi ulimpa nani?" akauliza.

"Yakub, wa Matungu. Mpimaji wa miwa."

Mzee Makhanu akaweka kofia yake juu ya kaunta. "Mwanangu, huyo kijana nilimfundisha. Hapo kwao hakuna bunduki. Haijakuwapo kwa miaka mingi."

Swafia hakupiga simu. Kesho yake alivaa baibui nyeusi, akaenda Matungu bila kutangaza.

Mama yake Yakub, Bi Raisa, alimpokea kwa salamu ndefu na kiti cha heshima. "Ndiye wewe Swafia," akasema, akimpima kuanzia mtandio hadi viatu. "Nimesikianga jina lako mpaka nimelizoea."

"Shikamoo mama. Nilikuja kuona mbwa. Na bunduki ya babu."

"Bunduki?" Bi Raisa akashangaa. "Hiyo ilirudishwa serikalini Yakub akiwa darasa la tatu. Na mbwa hapiti mlango huu, analalanga nje kwa kibanda chake. Asubuhi Yakub humchukua wakaenda huko mtoni kabla ya kazi. Wanafanyanga nini, mimi sijui. Wanarudi wamelowa wote wawili."

Swafia alisikia nusu ya kwanza tu. Miezi mitano, mbwa wa mwisho wa baba yake alikuwa mikononi mwa mtu asiyewinda. Alikunywa chai kwa adabu, akashukuru, na kuacha ujumbe: mbwa arudishwe Jumamosi.

Yakub alimleta. Alisimama nje ya duka na Subira miguuni, amekua, anang'aa kama kaa la mawe. Hakujitetea mara moja, na hilo lilimuudhi Swafia zaidi.

"Una bunduki?"

"Sina."

"Umewahi kuwinda?"

"Na babu, nikiwa mtoto. Tangu hapo, la."

"Kwa nini ulisema unayo?"

"Kwa sababu uliponiuliza pale sokoni, nikiona jinsi ulivyonitazama, nilijua nikisema sina utaondoka. Lakini Swafia, mbwa sikumharibu. Nimekuwa—"

"Uliniongopea siku ya kwanza," akamkata, "na kila Jumamosi baada ya hapo ulikaa nami kwenye chai ukiwa na uongo huo mfukoni. Niachie kamba."

Akampa kamba ya mbwa. Subira alimtazama mmoja, kisha mwingine, akaketi katikati yao. Ilibidi Swafia amvute.

Simu ya duka ikanyamaza. Wiki tatu Bwana Shikanga alisoma gazeti lake bila kusumbuliwa, na siku ya mwisho ya wiki ya tatu akalikunja na kusema, kama anayesema na ukuta, "Hata mimi nimeanza kumkumbuka yule mgonjwa wa minyoo."

"Hakuna mgonjwa," Swafia akajibu.

Jumapili moja alimpeleka Subira kwa Mzee Makhanu ajaribiwe shambani. Alienda ameshajiandaa kwa msiba. Mbwa wa miezi tisa ambaye hajawahi kusikia bunduki hukimbia, au hubweka, au hufukuza ndege mpaka kijiji cha pili. Mahindi yalikuwa hayajapandwa bado, na majani makavu yalifika kiunoni kando ya kijito.

Subira aliachiliwa. Alikata upepo kwenda na kurudi, pua juu, bila papara, na mara akasimama. Mguu hewani, mkia umenyooka. Mzee Makhanu alitangulia, bunduki tayari.

"Mtume mbwa sasa awainue ndege," akanong'ona.

Swafia akamwambia mbwa aende. Hakwenda. Akatumia maneno yote ya Kiingereza ambayo baba yake aliyajifunza kwa mkulima wa chai. Subira akageuza jicho moja, akamtazama kwa huruma, akarudi kwenye ndege wake. Mwishowe mzee alipiga majani teke mwenyewe. Kwale wawili, ndege wakubwa kuliko kware, wakaruka, bunduki ikalia, mmoja akaanguka. Subira alitetemeka mwili mzima lakini hakuondoka alipo. Alingojea. Ilibidi Swafia aende kumwondoa kwa kumbeba.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, na mara ya tatu.

Mzee Makhanu aliifungua bunduki yake, akatoa risasi, akaketi juu ya kichuguu. "Nimeshika chaki miaka arobaini," akasema, "sijapata darasa tulivu namna hii. Nani alimfundisha?"

Swafia alikuwa amempakata Subira, na majani yamemjaa kwenye mtandio. Sasa aliisikia ile nusu ya pili ya maneno ya Bi Raisa: kila asubuhi, mtoni, wamelowa wote wawili.

"Yule uliyesema hana bunduki," akajibu.

"Basi mbwa huyu ana neno lake la kuruhusiwa, na analijua huyo peke yake. Mimi ningeenda kuliuliza. Lakini mimi ni mzee, sina aibu tena."

Jumatatu asubuhi Swafia alipiga simu ofisini kwa wapimaji. Ilichukua muda kumtafuta.

"Hallo?"

"Neno ni lipi?"

Kisha akamsikia akivuta kiti na kukaa. "Amesimama?"

"Mara tatu. Nilimbeba kama mtoto mchanga, Yakub, baibui yangu yote imechanika. Neno ni lipi?"

"Hakuogopa mlio?"

"Hakuogopa. Ulimfanyia nini?"

"Nilipiga sufuria akila, kwanza mbali, kisha karibu. Na kware nilikamata kwa wavu, nikawaficha na vizimba vyao kwenye majani mtoni. Kila asubuhi. Nilitaka nije nikuambie kweli siku atakapokuwa amekamilika, ili ukinifukuza, angalau yeye usimfukuze."

Swafia alizungusha waya wa simu kidoleni. Bwana Shikanga, bila kuombwa, alitoka nje kuangalia hali ya hewa.

"Hujaniambia neno," akasema.

"Kwa simu hatalisikia vizuri."

"Basi njoo ulisemee Malava. Jumapili, saa mbili asubuhi."

Alifika saa moja na nusu, amevaa lile shati jeupe. Subira alipomwona alilia kama mtoto. Waliingia majanini wote watatu, Mzee Makhanu akifuata nyuma na bunduki, na hawakuwa wametembea mbali Subira aliposimama.

Yakub alichuchumaa kando ya mbwa, akaweka kiganja mgongoni mwake. "Bismillah," akasema.

Subira akatoka kama mshale. Kwale akapaa, bunduki ikalia, na kabla moshi haujaisha mbwa alikuwa amerudi na ndege mdomoni, hata unyoya haujavunjika.

Swafia alifunika uso kwa viganja na kucheka. "Naisema kabla ya kila tonge," akasema, "na haikunijia."

"Mbwa wa Mwislamu anayetumwa windoni hutumwa hivyo. Babu alinifundisha." Yakub hakucheka. "Swafia, nilikosa. Si kwa mbwa, kwako. Sitatafuta maneno ya kulipunguza. Bunduki sina, na nikiomba kibali huenda nisipewe."

"Na usipopewa, Subira atafanya kazi na nani?"

"Na Mzee Makhanu. Macho yake yamechoka, anahitaji mtu wa kutembea naye."

"Macho yangu yako sawa," mzee akasema kutoka nyuma.

Yakub alimpokea Subira ndege, akampa Swafia. "Nataka kumtuma mjomba wangu kwa wazee wako Mumias. Ukikubali."

Swafia alimpokea ndege. Hasira ilikuwepo bado, imebaki kidogo kama ukoko wa chungu. Aliijua, na alijua pia kwamba angeweza kuishi nayo mpaka iishe.

"Atumwe Ijumaa, baada ya swala," akasema. "Nawe uwepo. Na chochote utakachoulizwa, jibu kweli yote. Usipunguze, usingoje siku nzuri."

"Nitajibu."

Ijumaa hiyo sebule ya Abdulfatah, baba mdogo wa Swafia, ilijaa kanzu nyeupe. Swafia alikaa chumba cha pili na Bi Raisa, aliyekuja na birika zima la chai ya tangawizi na aliyeuliza, kabla ya kitu kingine, kama mbwa amekula. Pazia tu liliwatenga na wanaume.

Salamu zilikwisha, dua ikasomwa. Abdulfatah akakohoa. "Kijana," akasema, "unamtaka binti yetu. Tuambie, unacho nini?"

"Nina kazi ya kupima miwa," sauti ya Yakub ikasikika, imenyooka. "Nina ng'ombe wawili na nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kinavuja. Bunduki sina."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya bunduki.

"Bunduki ya nini?" Abdulfatah akauliza, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Nyuma ya pazia Swafia aliziba mdomo kwa leso, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na wanaume wote sebuleni wakakisikia.